Amechinja Mtu Wetu

Kiwanjani, Isiolo

Mama yangu mpendwa,

Bwana asifiwe. Goti lako linaendeleaje? Dada Wakesho aliniandikia kwamba siku hizi unashuka bondeni kwa fimbo, nikajiuliza nani anakuchotea maji yeye akiwa shambani. Mvua imefika huko milimani? Kabichi zimefunga? Mimi mwili ni mzima. Huku mvua tumeisahau kabisa. Ukisikia ngurumo ujue ni lori la mahindi ya njano ya msaada linapita kwenda kaskazini. Mbuzi wanakula karatasi, na watu wamekonda hata nguo nilizowashonea mwaka jana wananirudishia nizipunguze.

Barua yako niliipata. Unasema akina mama wa kanisa wanataka nikija Krismasi nisimame mbele nitoe ushuhuda, jinsi Yesu alivyonitoa kwenye pombe, na kwamba umeshamwambia kila mtu kuwa mwanao amefunguliwa, si mtumwa wa dhambi tena. Mama, niliisoma nikiwa kwenye cherehani yangu, nikaona haya hadi masikio yakawaka. Tafadhali usimwambie mtu mwingine hivyo. Keti nikueleze. Na wewe Wakesho unayemsomea, usiruke neno, hata ukiona aibu kwa niaba yangu.

Mzee Jama unamjua kwa barua zangu. Ni Msomali wa hapa hapa, baba yake aliletwa na Waingereza akiwa askari, na ndiye mwenye duka ambalo nashonea kwenye veranda yake. Nilipokuwa mlevi aliniokota mtaroni mara nyingi, tena alikuwa akiifungia cherehani ndani ya duka nisije nikaiuza. Nilipookoka alifurahi ingawa dini yetu si moja. Aliniambia, "Fundi, hata mimi nilikuwa naomba hiyo." Mkewe, Mama Sahra, alikuwa akiniletea chai ya maziwa kila asubuhi, akinitania kwamba sisi Wataita tunakunywa chai kama watu wanaozima moto tumboni.

Sasa, ukame ulipomaliza ng'ombe, familia kadhaa za Waborana, Waislamu, kutoka upande wa Kulamawe zilikuja zikajenga vibanda vya matawi na magunia hapa nyuma ya Kiwanjani. Nikaona nimepata nafasi ya kumtumikia Mungu. Nikanunua mbuzi mkubwa na mchele, niwalishe wale watu. Nia ilikuwa njema, Mama, lakini ni nusu tu. Hiyo nusu nyingine ilitaka kuonekana.

Desturi ya huku ni ile ile ya nyumbani. Mkristo akiwa na karamu humwita Mwislamu achinje, ili kila mtu ale. Wewe mwenyewe hujawahi kuacha hata jogoo wa Krismasi achinjwe kabla kaka yako, Mjomba Salimu, hajapanda kutoka Mwatate. Kwa hiyo siwezi kusema sikufundishwa. Mzee Jama akaniahidi atakuja asubuhi anichinjie. Lakini wokovu wangu ulikuwa bado una pembe. Nilijiambia kwamba mbuzi wa Yesu atachinjwa kwa jina la Yesu. Kulipopambazuka tu nikashika kisu nikamchinja mwenyewe, mbio mbio, huku nachungulia juu ya ua kama kuna anayekuja. Mtu anayefanya haki hana haja ya kuchungulia.

Mzee akafika na kisu chake kimefungwa kwenye kitambaa. Akaona ngozi imeshatandazwa.

"Nani amechinja?" akauliza.

Nikasema, "Amechinja mtu wetu."

Mama, hilo ndilo neno lenyewe. Kwa Mzee, mtu wetu wa kuchinja ni Mwislamu. Kwangu mimi, nilikuwa najisema mwenyewe, mtu wa kanisa. Nililichagua kwa makini, kama ninavyochagua kitambaa kinachovalika pande zote mbili, halafu nikajisifu moyoni kwamba sikusema uongo. Yeye akasema, "Alhamdulillahi," akarudisha kisu mfukoni, akakaa akatusaidia kukata vitunguu.

Chakula kilipoiva wale watu wa Kulamawe wakaketi kuzunguka sinia, lakini hakuna aliyenyoosha mkono. Bibi mmoja, jina lake Kabale, akamuuliza Mzee jambo kwa Kiborana. Mzee akamjibu kwa Kiswahili, nafikiri ili nami nisikie heshima anayonipa: "Kula, mama. Ni halali. Mimi mwenyewe nimeuliza." Kisha akachukua kipande cha kwanza akala, wote wakimtazama. Ndipo mikono ikashuka kwenye sinia.

Mimi nilikuwa nimesimama na upawa. Ningeweza kusema palepale. Badala yake nikasema, "Karibuni, nyama ni tele."

Wiki hiyo kwenye kundi letu la maombi nikasimama nikasimulia jinsi Waislamu walivyokula nyama iliyochinjwa kwa jina la Yesu bila kujua. Watu wakapiga makofi, wimbo ukaanza. Nikajaribu kuimba, nikashindwa. Nilikuwa namwona Mzee akitafuna kile kipande cha kwanza, akiniwekea dhamana kwa kinywa chake. Mama, nimewahi kuanguka nikiwa nimelewa mbele ya watoto wa shule, lakini sijawahi kujiona mchafu kama nilivyojiona pale, nikiwa mkavu na Biblia mkononi. Nikatoka nje. Nikamwambia Yesu, uliiondoa chupa mkononi mwangu, sasa ushughulike na ulimi huu, maana mimi umenishinda. Sikusikia sauti yoyote. Ila nilijua ni lazima niende dukani.

Nilimkuta akipima sukari. Nikamweleza yote, hata lile neno na jinsi nilivyolichagua. Hakuinua uso. Alimaliza kupima, akafunga karatasi, akampa mteja, akangoja aondoke.

"Wewe ulijua?"

"Nilijua."

"Mimi nilijua?"

"Hapana, Mzee."

"Basi mimi sina dhambi. Wale watu pia hawana. Hiyo dhambi iko na wewe peke yako, fundi."

Nilikuwa nimejitayarisha kwa matusi, hata kwa kofi. Hilo sikulitegemea. Nilidhani nimewachafua, kumbe wao walikuwa safi na mchafu ni mimi tu. Nikatamani ardhi ipasuke inimeze. Nikaanza kuomba msamaha, akanikatiza.

"Ngoja. Mimi niliambia yule mama ni halali. Hiyo ni mdomo yangu. Lazima niende nimwambie. Na wewe unakuja na mimi."

Akafunga duka mchana kweupe, jambo ambalo watu wa Kiwanjani hawajazoea, tukaenda kibanda kwa kibanda. Yeye anaeleza kwa Kiborana, mimi nimepiga magoti kwenye vumbi. Mwanamume mmoja alitema mate karibu na mkono wangu. Wengine walisema yameisha, lakini hawakuniangalia. Tulipofika kwa Kabale alisikiliza hadi mwisho, akasema maneno machache, na Mzee akayatafsiri bila kuyapunguza makali.

"Anasema yeye alikuwa na njaa, na Mungu anajua njaa. Pengine ungesema kweli angekula tu. Anauliza, wewe ni nani umchagulie?"

 

Mzee hakunifukuza verandani. Lakini chai ya Mama Sahra ilikoma. Ananisalimu vizuri, anauliza habari za kazi, halafu anapita. Nami nakunywa maji ya mtungi nikijua kwamba hii nimejipikia mwenyewe. Kundi la maombi nalo niliwaambia nilivyotenda. Wengine walilia pamoja nami, wengine wakasema nimemwonea Yesu haya mbele ya Waislamu. Niliwajibu kwamba Yesu hakunituma nimdanganye mtu mwenye njaa.

Baadaye nilimuuliza Mzee nifanye nini kwa ajili ya wale watu. Akafikiri, akasema, "Chakula usiguse. Maji sawa." Basi kila jioni nikifunga kazi nasukuma mkokoteni wa maji kutoka kwenye bomba hadi vibandani, na magunia matupu ya mahindi nawakatia watoto wao kaptura. Hakuna anayepiga makofi. Kwa mara ya kwanza tangu niokoke nafanya kazi ya Mungu bila kujitazama nikiifanya, na moyo wangu unapumua. Zamani nilidhani mtu akifunguliwa hana tena la kuonea aibu. Mimi aibu ninayo, tena nyingi, inaniamsha na inanilaza. Lakini haiwezi kunifunga mdomo tena wala kuniambia nichungulie juu ya ua. Kama huo ndio uhuru, basi Yesu amenipa, na amenipa nikiwa nimepiga magoti mbele ya watu niliowadhulumu.

Juzi Kabale alipokea maji yake, akachota kikombe akanywa palepale mbele yangu, akafuta mdomo, akaingia ndani. Sijui maana yake. Sitamchagulia maana.

Krismasi nitakuja, Mungu akijalia. Wakiniita mbele nitasimulia haya, siyo ya pombe. Najua umejivunia mimi mbele ya wenzako, na ninajua vile watakavyokutazama. Ukiona litakulemea, niandikie, nitakaa benchi la nyuma na sitakukasirikia. Lakini ule ushuhuda mwingine, wa mtu aliyekwisha kutakaswa kabisa, siwezi kuutoa. Huyo mtu bado hajafika.

Nisalimie shemeji, mume wa Wakesho, mwambie suruali yake iko tayari. Nisalimie bibi wa jirani anayekuletea maziwa. Mzee wa kanisa umpe mkono wangu.

Mjomba Salimu usimpe salamu bado. Kwanza mwambie haya yote, usimfiche hata moja, na umwambie kabla sijafika, ili achague mwenyewe kama atanipa mkono.

Mimi mwanao ninayekupenda,
Mwadime