Maili Elfu Nne kwa Rula

Sosiot, Jumatano, Juni 1956

Mvua imenyesha tangu saa nane, na baridi imeingia hadi mifupani. Leo tumemzika mama.

Najichukia.

Mama alifariki Jumatatu alfajiri. Kwetu mama huzikwa na kitinda mimba wake. Ndiye hutia udongo wa kwanza. Kitinda mimba wetu ni Kiplangat, na Kiplangat yuko London, anasomea udaktari. Wazee walitaka mazishi jioni ileile. Mimi, mwalimu wa jiografia, nikajitia kimbelembele. Nikafungua atlasi ya shule, nikalaza rula kutoka London hadi Nairobi: maili elfu nne na ushee. Nikagawanya kwa mwendo wa ndege, nikapata saa kumi na tano. Basi nikawatangazia wazee, kwa ile sauti yangu ya darasani, kwamba Jumatano asubuhi treni itamshusha Kipkelion.

"Chelangat, umesoma, sikatai," baba mdogo aliniambia. "Lakini maiti haingoji hesabu."

Wakangoja hata hivyo, kwa kuniheshimu.

Kumbe ndege haifuati rula. Inatua Roma, inatua Cairo, Khartoum, Entebbe, kila mahali inatiwa mafuta na watu wanashuka kula. Wala haiondoki kila siku. Nimefundisha watoto wa watu ramani miaka sita na hilo sikulijua.

Leo asubuhi treni ilifika bila yeye, na wanawake wakaingia chumbani kwa mama wamejifunga leso puani. Mama yangu, aliyekuwa msafi vile! Nilitamani ardhi inimeze. Saa sita kaka yetu mkubwa akatia udongo wa kwanza, na hakunitazama.

Hilo si baya zaidi.

Katika simu ya maandishi niliyompelekea Kiplangat sikusema mama amekufa. Niliandika: mama mgonjwa sana, njoo. Nilijiambia kwamba habari ya msiba haitumwi kwa karatasi, mtu huambiwa ameketi, ameshikwa mkono. Ni desturi yetu, kweli. Lakini pia niliogopa.

Saa tisa tulikuwa tunaosha majembe, jibu lake likaletwa kutoka posta. Nililisoma nimesimama mvuani: "Naondoka leo. Kipkelion Ijumaa asubuhi. Mwambie mama aningoje."

Ole wangu!

Juzi nilimwomba Mungu ndege ipae mbio. Sasa namwomba ikawie. Ikawie Roma, ikawie Khartoum, maana huko kote yeye bado ana mama.

Baba mdogo ameamua niende stesheni peke yangu. Nimestahili. Kiplangat atashuka na sanduku lake, na kabla hata ya salamu ataniuliza mama anaendeleaje.

Ni mimi niliyemfundisha kuuliza hivyo, kwa simu ile.