Kompyuta Mbili za Kwa Wanda

Larissa mwanangu,

Manitoba nzima hakuna mwenye bahati kama baba yako! Lile gari bovu tuliloliburuta juu ya ziwa lililoganda, watu wabahatishe siku litakapozama barafu ikiyeyuka, limezama siku niliyoitaja mimi. Zawadi yote yangu. Kwa hiyo usiache chuo, kompyuta inakuja.

Nilikwenda dukani kwa Wanda, anauza vilivyotumika. Zilikuwepo mbili. Moja bado kama mpya, nyembamba kama biskuti. Nyingine kuukuu, nzito, ila memori yake ni mara mbili. Nikaikumbatia mpya.

"Orest, wewe na urembo!" Wanda akanicheka. "Hiyo, binti yako akifungua michoro yake ya majengo, itaganda kabla ya ziwa. Mchukulie hili zee."

"Mwanangu abebe tofali mbele ya wenzake?"

"Bora tofali linalofanya kazi. Si kama wewe siku hizi."

Tukacheka wote. Tangu kiwanda cha mbao kifungwe, utani huo nausikia kila mahali, na mimi ndiye ninayecheka zaidi. Shangazi Olha anakusalimu. Jana alinilisha perogi zake za unga na viazi mpaka nikafungua mkanda. Huku kwangu jiko halijawashwa wiki hii.

Nilichagua ile kuukuu, mwanangu, kwa ajili ya michoro yako. Wanda akaifuta vumbi, akaniwekea kwenye kaunta, akasubiri nilipe. Nikamwambia narudi sasa hivi. Sikurudi.

Gari lilizama siku ya mtu mwingine, Larissa. Sikushinda kitu, na kompyuta sina.

Baba yako,
Orest