Jeneza la Mama Litasimama Wapi

New Orleans, 4 Machi 1987

Dada Odile,

"Klabu ya Korongo ilikuwa Mtaa wa St. Philip, penye hoteli leo, leseni inathibitisha." Maneno yako hayo, kwenye kijitabu cha kamati yenu ya historia. Mimi mzima. Mama hoi kitandani, ila ulimi bado una makali. Natumai huko Chicago hamjaganda kwa baridi.

Pale palikuwa na kinyozi wa viti viwili. Bendi ya watu kumi ilipigia wapi, mapajani mwa wateja? Jiji lilikataa leseni ya ukumbi wa dansi jirani na kanisa, basi Mzee Théophile, mwenye klabu, akaikata kwa anwani ya duka lake la kinyozi. Mtaa mzima wa Tremé unajua. Klabu ilikuwa barabara ya Claiborne, mkabala na kanisa, mpaka barabara ya juu ilipojengwa ikaifuta. Mwanamuziki wake akifa, msafara wa maziko husimama pale penye nguzo za barabara hiyo ya juu, bendi ikapiga na jeneza likainuliwa. Mama aliimba pale. Anataka ainuliwe palepale.

Kaka yako,
Alcide

Chicago, 30 Machi

Kaka Alcide,

Sijambo, namshukuru Mungu. Mbusu Mama.

Hasira si ushahidi. Bendi husimama chini ya barabara kwa sababu kuna kivuli na bia. Hoteli imekubali msafara wa Mama, siku ikifika, usimame mlangoni kwake, mbele ya kibao chetu cha kumbukumbu. Wafiwa watapewa vinywaji. Nimeshakubali kwa niaba ya familia. Usinitie aibu.

Dada yako,
Odile

New Orleans, 21 Mei

Dada Odile,

Leo sina salamu ndefu. Mama alifariki jana.

Wiki iliyopita nilimsukuma kwa kiti cha magurudumu mpaka penye nguzo, nikamsomea barua yako. Alicheka mpaka akakohoa. Akagonga lami kwa fimbo, akasema, "Hapa ndipo nilipokuwa navua viatu nikaimba. Mwambie huyo msomi wangu nisishushwe hotelini kama begi la mtalii."

Kiongozi wa bendi ameshaambiwa. Hoteli wamepanga viti. Wavikalie wenyewe, wanywe na vinywaji vyao.

Tunazika Jumamosi ya wiki ijayo. Wewe na kamati yako mna miguu: tokeni kwenye makaratasi, mje Claiborne. Wewe, Odile, utashika jeneza upande mmoja, mimi mwingine, tumwinue mama yetu. Kisha nendeni St. Philip, mkaking'oe kile kibao kwa mikono yenu.

Kaka yako,
Alcide