Dirisha la Hoteli na Kibao Chako cha Kuchorea

Nekesa mjukuu wangu,

Hapa Sirisia tuko wazima. Mahindi yamezaa vizuri, na shangazi yako amejifungua msichana, mkaidi kama wewe.

Unauliza kama ununue kile kibao kidogo cha kuchorea cha kompyuta, ama usubiri kile cha bei ghali kinachoonyesha picha chenyewe. Unasema hicho kidogo kinakuchanganya, kwa sababu mkono unachora mezani huku picha ikitokea kwenye kompyuta.

Nikiwa msichana nilikuwa naandika mabango Kitale. Mwenye hoteli mmoja alitaka jina la hoteli yake dirishani, lipakwe kwa ndani ili mvua isilibandue. Mafundi wanaume walikataa, kwa maana ukiwa ndani unaandika kinyume. Mimi nikakubali, nikaharibu herufi tatu za kwanza. Basi nikaangua kioo cha pale wateja wanaponawia mikono, nikakiegemeza kitini kando yangu, nikawa naangalia humo tu. Kwenye kioo herufi zilisomeka sawa. Mkono ulibaki dirishani peke yake, ukababaika kidogo, halafu ukanyooka.

Nilipomaliza, mmoja wa wale mafundi alisimama nje akasoma jina lote kwa sauti.

"Ati ni msichana ameandika hii?"

Nikagonga dirisha kwa mpini wa brashi, nikampungia mkono uliojaa rangi.

Chukua hicho kidogo, Nekesa. Mkono utafuata macho. Picha ya kwanza uniletee mimi, niibandike ukutani niringe nayo Bungoma nzima.

Ni mimi Kukhu, nyanya yako, niliyeandika kinyume nikasomwa sawa.