Jiko Linazima Kabla Githeri Haijaiva

Jumatatu, 8 Julai
Githeri tena, mahindi na maharagwe, na jiko limezima tena. Linachemsha kidogo, linalia, linaandika E2 kwenye kioo, basi. Likipoa linawaka. Halafu linazima. Ukungu umekalia majani chai tangu asubuhi. Tumekula mkate. Mama mkwe alitazama kule nje kwenye kibanda cha kuni.

Sitaki arudi huko. Machi alilazwa hospitalini Embu kwa sababu ya kifua. Daktari alisema moshi basi, tukanunua hili la umeme.

Jumanne, 9 Julai
Nimebadilisha sufuria. E2. Nimelihamishia soketi ya sebuleni. E2. Maji matupu, moto mdogo: limevumilia kiasi, kisha E2. Kwa hivyo si sufuria wala si umeme. Ni joto. Tumbo lake linaunguza mkono.

Nimeinama kulisikiliza. Zamani lilikuwa linanguruma. Sasa linakwaruza mara moja na kunyamaza. Feni! Nimefurahi kama niliyepata hesabu ngumu. Kisha nikakumbuka hatujala.

Alhamisi, 11 Julai
Nimelipeleka kwa fundi mjini baada ya vipindi. "Madam, hizi hazitengenezwangi. Board imeenda. Nunua ingine." Hata hakulifungua. Nimekasirika njia nzima. Utajuaje kitu kimeharibika nini bila kuchungulia ndani?

Nimefika nyumbani nikakuta moshi. Mama anapika kibandani, anakohoa huku ameshika nguzo. Chakula kilikuwa kitamu. Nimekila kwa hasira.

Jumamosi, 13 Julai
Nimelifungua mwenyewe, kwa bisibisi ya cherehani. Limechomolewa tangu juzi, sikuogopa. Feni ni ndogo, ingeenea kwenye kisahani. Imekabwa na kitu laini cha manjano. Pamba? Nimevuta kwa kibano.

Manyoya ya kifaranga. Na maranda.

Vifaranga wa Mama wako bandani, wanalalia maranda. Jiko liko mezani, ndani ya nyumba. Manyoya yamefikaje humo? Nimelifikiria swali hili mchana kutwa na kusema kweli limenifurahisha. Nikamwita Mama aje aone. Alitazama, akasema ana kazi shambani, akaondoka haraka. Shambani ni matope mpaka magotini.

Nimesugua feni kwa mswaki wa zamani. Inazunguka. Githeri imeiva.

Jumatatu, 15 Julai
E2. Feni ni safi na bado E2. Jana nilipika tangu tutoke kanisani, likakubali. Leo nimeenda shule, likakataa. Mama akawasha kuni. Jioni amekohoa mpaka akakaa chini uwanjani na kushindwa kuinuka. Nimemwinua. Ni mwepesi sana. Nimeogopa.

Jana nilikuwepo, leo sikuwepo. Tofauti nyingine siioni.

Jumanne, 16 Julai
Nimeomba ruhusa, nikaja mapema. Sikubisha hodi.

Mama alikuwa anakoroga uji. Nyuma ya jiko, imelibana kabisa, katoni. Ndani yake vifaranga, wote wamejikusanya upande wa jiko, wamesinzia.

"Mama Wawira," akaniambia, "wale wa kwanza walimalizwa na baridi. Hii jiko inapuliza hewa moto huku nyuma. Nikaona ni ya bure."

Nimeweka kiganja. Ni kweli. Miezi yote hii nimepikia hapo na sikujua hewa inatokea upande gani. Yeye alijua.

Nimemweleza kuwa katoni inaziba njia ya hewa, na manyoya yanavutwa kwa chini. Hakuridhika. Alitaka kuona. Tukalichomoa, tukaligeuza, akaingiza kidole kwenye vile vitundu, akauliza mbona halivuti hewa kwa juu kama mtu anavyovuta pumzi.

Nikamuuliza mbona alificha. Akasema mtoto wake, mume wangu, alilipa pesa nyingi, nasi tukijua ameharibu tutalichukua. Anatoa vifaranga nikikaribia kurudi, kila siku. Akaona afadhali akohoe kuliko kusema. Nimeumia. Nimemwambia jiko ni lake, alipikie, aligeuze, hata alivunje akitaka. Akacheka, kisha akakohoa.

Jumatano, 17 Julai
Chupa ya plastiki, maji moto, sweta kuukuu, ili vifaranga wapate joto. Wazo langu. Mama ameliboresha: chupa mbili, ya pili iingie ya kwanza ikianza kupoa. Katoni iko pembeni kwenye ukuta. Jiko halijazima. Nimelisikiliza mara nyingi kuliko inavyohitajika.

Jumapili, 28 Julai
Jua kidogo. Kanisani Mama amesimama kuimba pamoja na wengine. Tangu Machi alikuwa anaimba ameketi, ubeti mmoja, kisha leso mdomoni. Leo ameimba beti zote kwa sauti kubwa, na hakufuata sauti ya watu hata kidogo. Waliokuwa mbele waligeuka. Nilinyamaza ili nimsikie.