Mashimo Saba ya Mwita na Michezo Yangu Ishirini na Mitatu

Alhamisi. Jua limewaka tangu asubuhi. Mawingu yalijikusanya upande wa Kenya, na huko huko yakabaki. Nina malengelenge manne kwenye viganja, mgongo unaniuma, na roho yangu imetulia kuliko siku yoyote ya mwezi huu. Naandika nikiwa kibandani kwangu hapa mjini Nkende. Cherehani nimeifunika, na simu nyingine, ile ya kuchezea, nimeilaza kifudifudi mezani.

Nianze na aibu yangu. Nimeshindwa.

Nimeshindwa chesi na Mwita, mdogo wangu, mtoto wa kiume pekee wa mama yetu. Mtu ambaye tangu utotoni namfunga huku nikimenya ndizi. Nimeshindwa mchezo mmoja niliokuwa na haja nao kuliko yote niliyowahi kucheza, na sikushindwa kwa sababu ana akili kunizidi.

Homa ya dhahabu ilipopanda kijijini kwetu Genkuru, kila mwenye koleo alijiita mchimbaji. Mwita hakuwa na eneo lake la kuchimba, basi akaingia kwenye shamba la mihogo la Mama. Shimo la kwanza lilipofika kimo cha watu wawili akasikia jirani amegusa mwamba wenye dhahabu kule chini karibu na mto, akaliacha akaanza jingine. La pili nalo akaliacha vivyo hivyo. Yako saba. Hakupata hata dhahabu ya kuziba jino. Kisha zikaja habari kwamba upande wa Serengeti, kule Kenyamonta, watu wanaokota mawe yanayong'aa, naye akafunga tochi yake ya kichwani akaondoka. Mashimo akayaacha wazi, yamezungukwa na vifusi vyake, katikati ya mihogo.

Masika yaliyopita ndama wa Mama alitumbukia kwenye shimo la tatu. Tulimvuta kwa kamba, akatoka amekufa. Tangu siku hiyo Mama akienda kung'oa mihogo anatanguliza fimbo, anapapasa ardhi ya shamba lake mwenyewe kama mtu anayevuka mto uliofurika. Mama amepita miaka sabini. Macho yake hayaoni sawasawa. Kila simu ikiita asubuhi mapema nikaona ni namba ya Genkuru, napokea nikiuliza kwanza Mama yuko wapi.

Nilipeleka jambo hilo kwenye kikao cha ukoo. Baba mdogo Marwa, ambaye ndiye mkubwa wetu tangu Baba afariki, alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Ghati, wewe umeolewa. Mambo ya shamba tuachie sisi wenye mji." Wote wakaitikia. Mwita alikuwa ameketi pembeni anakula kuku aliyechinjiwa na Mama, maana Mama akimwona mwanawe hakumbuki ndama wala fimbo. "Mtoto wangu alikuwa anatafuta," ndivyo anavyosema siku zote.

Nilitoka kwenye kikao kile nikiwa na hasira ya kunitosha mwaka mzima.

Kwa hiyo nikatafuta baraza jingine. Chesi tulijifunza wote wawili kwa binamu yetu wa ng'ambo ya mpaka, aliyekuwa anakuja likizo na ubao wake. Farasi mmoja alikuwa amepotea, tukaweka betri ya redio mahali pake. Mwita hawezi kukataa kucheza, ni ugonjwa wetu sote. Nikampelekea changamoto mtandaoni, mchezo wa polepole, siku tatu kwa kila mmoja kusogeza kete, kwa sababu huko machimboni mtandao unakuja na kuondoka. Masharti tukayaandika palepale kwenye ujumbe wa mchezo. Nikishinda, atarudi Genkuru afukie mashimo yote saba kwa mikono yake mwenyewe, bila kibarua. Akishinda yeye, mimi sitasema tena neno lolote juu ya mashimo, iwe kwa Mama, kwenye kikao au kwa jirani. Akajibu, "Sawa dada. Ila ukishindwa unyamaze kweli."

Sitasema uongo hapa. Nilikuwa nawaza usalama wa Mama, ndiyo, lakini usiku na mchana nilikuwa naona picha nyingine. Nilimwona Mwita ametota jasho, koleo mkononi, watu wanapita njia ya kanisani wanamtazama. Mimi nimeketi kwenye kigoda, kivulini, nakunywa soda baridi. Hata kigoda nilishakichagua. Ni kile cha Mama chenye miguu mitatu.

Mchezo ulinikalia vizuri. Kufikia mwezi wa pili wa kucheza nilikuwa nimemla askofu mmoja na askari wawili, na mfalme wake amebanwa kama ng'ombe kwenye josho.

Kosa langu lilianzia kwenye kusubiri. Mwita alikuwa akikaa siku mbili au mbili na nusu bila kusogeza, na mimi kusubiri siwezi. Nikaanza mchezo mwingine wa kujinoa, nikasema mmoja tu. Yule nikamfunga, nikaona raha, nikaanza mitatu. Asubuhi nikiamka nilikuta mbao kumi zinanisubiri, baadaye kumi na tano. Wiki iliyopita nilihesabu nikakuta ishirini na mitatu. Nilikuwa nacheza na watu wa nchi nisizoweza kuzionyesha kwenye ramani. Nacheza nikipiga pasi, nacheza kanisani wakati wa matangazo, nacheza mteja akiwa amenyoosha mikono nimpime. Programu yenyewe ukimaliza kusogeza kwenye ubao mmoja inakurusha kwenye ubao unaofuata bila kukuuliza. Ile sehemu ya kuthibitisha kabla kete haijaenda niliizima, kwa sababu kubonyeza mara mbili kwenye mbao ishirini na tatu kulinichosha kidole.

Dalili zilikuwepo. Mama Neema, mwalimu wa kwaya, aliniletea kitambaa cha sare, nami nikamshonea joho lenye mikono miwili ya kushoto. Alilivaa mbele ya kioo changu, akageuka huku, akageuka kule, akaniuliza kwa upole kama nina mgonjwa nyumbani.

Na Mama mwenyewe aliniambia. Alikuja mjini kliniki ya macho, akakaa nami siku nzima, simu ikawa inalia kila mara.

"Unacheza na wangapi?"

"Ishirini na watatu, Mama."

"Na unayemtaka ni nani?"

Nikamwambia ni Mwita, bila kumweleza masharti.

"Sasa hao wengine walikukosea nini?"

Nilicheka. Nikasogeza kete mbili huku nacheka.

Ijumaa ndipo nilipojichoma. Kulikuwa na mtu mmoja mtandaoni, nadhani ni mzee, anajiita kwa jina la ndege fulani. Nilikuwa nimemtegea mtego wa kupendeza. Namtoa malkia wangu sadaka, namweka ubavuni kwa mfalme wake, ngome yake inalazimika kumla, kisha farasi wangu anaruka na mfalme anakosa pa kupumulia kwa sababu amezungukwa na watu wake mwenyewe. Nilikuwa nimeupanga kwa siku nne. Nilijua ubao wake ndio unaofuata. Sikujua kwamba Mwita, aliyezoea kukaa siku mbili, asubuhi hiyo alikuwa amepata mtandao na amesogeza, hivyo ubao wake ukaingia mbele. Kwenye mbao zote mbili nilikuwa na kete nyeupe, na malkia wangu alikuwa amesimama mahali palepale. Mteja alikuwa ananiuliza bei ya kubana suruali. Nikabonyeza, nikabonyeza.

Kwenye ubao wa Mwita farasi wangu hakuwa hata karibu. Malkia alikwenda kusimama peke yake mbele ya mfalme wa adui, bila mlinzi, na mfalme akamla.

Mtu aliyekuwa akinikawiza siku mbili alijibu ndani ya dakika nne. Aliweka vicheko vitatu, kisha akaandika, "Dada, umechoka?"

Mteja aliondoka na suruali yake. Sijui nilimjibu nini.

Lililoniuma zaidi ni kwamba jioni ile mtego wangu ulifanikiwa kwa yule mzee wa jina la ndege. Alinipongeza vizuri sana. Kisasi changu chote, nilichokilea miezi miwili, nikakimwaga kwa mtu ambaye hajanikosea lolote maishani.

Kwa Mwita, ambaye sasa alikuwa anajibu upesi, nilijikokota mpaka Jumanne, akanifunga kwa ngome mbili, taratibu, anajua anachofanya. Akaandika, "Mashimo tumemaliza eeh." Nilikaa kwenye cherehani nikalia, si kwa huzuni, kwa hasira tupu. Waswahili wanasema mshika mawili moja humponyoka. Mimi nilishika ishirini na mitatu, nikaponyokwa na ule mmoja. Na tangu lini nimekuwa nikimcheka Mwita kwamba hajui kuchimba shimo moja akalimaliza? Damu ni moja, hakuna la kubisha.

Jumatano nilijisalimisha kwenye michezo yote iliyobaki, mmoja baada ya mwingine. Hapana, niwe mkweli. Nimebakiza miwili.

Kisha nikayasoma upya yale masharti. Niliyasoma kama fundi anavyokagua mshono, nikitafuta palipoachia. Nimekubali kunyamaza. Sawa, nitanyamaza. Hakuna mahali palipoandikwa kwamba nitakaa nimekunja mikono.

Leo saa mbili asubuhi nilipanda bodaboda na jembe langu mpaka Genkuru. Nikamwamkia Mama, nikavua viatu, nikaingia shambani, nikaanza na shimo la saba, lililo fupi kuliko yote na lililo karibu na njia. Leo ni gulio, watu wanapita tangu alfajiri. Nilijua hilo kabla sijatoka Nkende.

Mama alikuja na uji. Alisimama na fimbo yake, akatazama njiani, akanitazama mimi. "Ghati, watu wanaona." Nikamwambia uji ni mtamu.

Wa kwanza kusimama walikuwa vijana wawili wenye mapanga. Mmoja akamwita kijana mwenzake, "Mura, njoo uone! Dada yake Mwita anafukia." Wakaniuliza Mwita yuko wapi. Nikawaambia ni mzima, anawasalimu. Akapita mama wa maharage akauliza kama mji huu hauna wanaume. Nikamuuliza habari za watoto. Kila aliyeuliza nilimjibu salamu, nikainamia jembe langu. Sikusema neno juu ya mashimo. Makubaliano ni makubaliano.

Mnamo saa tano akafika baba mdogo Marwa, anasukuma baiskeli yake. Nyuma yake walikuwa wazee wenzake watatu wanaotoka kununua tumbaku. Nilikuwa nimefika nusu ya shimo, kitenge kimejaa udongo, viganja vimeanza kupasuka.

"Shikamoo baba."

"Marahaba." Akakohoa. "Ghati, hii kazi si yako."

Nikasukuma kifusi ndani.

"Nasema hii kazi ina mwenyewe."

Nikasukuma kingine. Wale wazee watatu walikuwa wanatazama baiskeli, wanatazama mawingu, wanatazama kila kitu isipokuwa uso wake. Yeye ndiye aliyesema wenye mji waachiwe mambo yao. Sasa mashimo ya mji wake yalikuwa yanafukiwa na mwanamke aliyeolewa kwingine, siku ya gulio, mbele ya wenzake. Nilimwona akitoa simu mfukoni, akaenda kuzungumza nyuma ya zizi. Sikusikia maneno, nilisikia sauti tu, na haikuwa ndogo.

Nililimaliza shimo lile saa nane. Nililikanyaga mpaka likawa gumu. Mama akaja akalipapasa kwa fimbo, mara ya kwanza, mara ya pili, kisha akapita juu yake kwa miguu yake, akarudi, akapita tena. Kisha akaenda kuniandalia maji ya kunawa. Nilipomwona akipita pale juu nilisahau kisasi kwa muda. Kisha nikakumbuka kwamba bado yako sita.

Nimerudi hapa kibandani jua likielekea kuzama. Kwenye simu nimekuta ujumbe wa Mwita, palepale kwenye ule mchezo uliokwisha. "Dada acha. Baba mdogo amenitukana kwenye simu, sauti nje, wachimbaji wenzangu wote wa duara wamesikia. Nakuja Jumamosi na koleo langu. Yote sita. Acha tafadhali." Baada ya dakika kumi akaongeza, "Dada?" Na tena, "Si useme kitu."

Sijasema kitu. Nilimwahidi kwamba nikishindwa nitanyamaza kweli. Ninachofanya hapa ni kuandika, na kuandika hakukutajwa. Jina lake sikulibadilisha.

Kesho natoa mkono mmoja wa kushoto kwenye joho la Mama Neema nimwekee wa kulia, simu ikiwa imezimwa, bila kuinua kichwa. Jumamosi nakwenda Genkuru mapema kabla Mwita hajafika. Jembe nitaliacha nyumbani. Nitanunua soda njiani, na kigoda nimeshamwambia Mama akitoe nje.