Kifimbo Juu ya Kiti

Dada Salma,

Huku Maskati joto linachoma hata kivulini, lakini mie mzima na halwa nnaila kila siku. Leo Nasra, binti wa ami yetu, kanichukua kwenye mazoezi ya okestra anayopigia fidla. Wamefiwa na kiongozi wao, Mwingereza mtunzi wa muziki, aliyekuja kijana kufundisha mwaka mmoja akazeekea hapa hapa. Waliweka kifimbo chake cha kuongozea juu ya kiti, wakapiga utungo wake wa mwisho bila ya mtu mbele.

Katikati ikasikika adhana ya alasiri. Wote wakanyamaza. Nikadhani sasa watapoteana. Ilipokwisha wakavuta pumzi, wakaingia pamoja kama mtu mmoja.

"Nani kakupeni ishara?" nikamuuliza Nasra.

"Yeye. Miaka yote, akisikia adhana huweka kifimbo chini. Akitwambia, 'Mkijua kunyamaza pamoja, mtajua kuanza pamoja.'" Machozi yakamtoka.

Dada, sisi tumenyamaza tangu Baba kutuondokea, hata kupiga muziki tumeacha. Mungu akuweke, iteremshe fidla yake ukutani, uifute vumbi. Nnakuja, tuanze.

Mdogo wako,
Hamadi